Taa ya Biliyari Nyumbani: Kufuli Lako Liko Wapi?



Zamani meza ya biliyari ilikuwa kitu cha baa. Leo katika kambi na mitaa yetu wako baba wengi wanaoiweka chini ya baraza, ao chini ya mabati nyuma ya nyumba, na jirani wanakuja kucheza wakitoka posti. Hatuna neno juu ya hayo. Afadhali baba acheze nyumbani, watoto wakimwona, kuliko kumtafuta usiku mtaani. Lakini jua likishuka, taa ni ampule moja tu inayoning'inia kwa waya wake juu ya meza. Katikati kunaangaza, pembe zina giza, na kila mpira una kivuli kirefu. Ndipo wachezaji wanasema: tutengeneze taa hii. Vizuri. Lakini sikilizeni kwanza habari ya ndugu mmoja.

Ndugu huyo ni mekanisie wa mtambo. Kwa kazi, kila siku anabeba kufuli lake na kadi yenye jina lake. Hawezi kuingiza mkono ndani ya pampu mbele ya kukata umeme, kufunga kufuli, kutia ufunguo mfukoni, na kujaribu kama mashine haizunguki. Amefanya hivyo miaka mingi, na hajapata jeraha hata moja.

Siku ya jumamosi umeme ulikatika katika mtaa mzima. Akawaza: «Huu ndio wakati, hakuna moto.» Akapanda juu ya meza ya biliyari, miguu bila viatu, akaanza kumenya waya kwa meno ili aongeze taa ya pili. Mkono mmoja ulishika waya, mwingine ulishika bomba la chuma linalobeba mabati. Umeme ukarudi. Bahati yake, miguu ilikunjika, akaanguka, na uzito wa mwili ukamwachanisha na waya. Alivunja mkono, akaungua vidole viwili. Mke wake alipofika hakulia. Aliuliza neno moja tu: «Baba, na kufuli lako liko wapi?»

Sisi wa usalama tunauliza vilevile. Umeme wa nyumbani ni wa volti 220, na wengi wanausema kuwa «mdogo» sababu wamezoea mitambo mikubwa. Hebu tuhesabu. Ampule ya kizamani ya wati 60 inapitisha karibu mili-ampere 270. Mwili wa mtu, ukipitiwa na mili-ampere 10 tu, mkono unaweza kukaza usiweze kuachilia waya. Ikipita 30, pumzi na moyo viko katika hatari. Basi umeme unaowasha ampule moja dogo unapita mpaka huo wa hatari mara 9. Miguu iliyolowa, sakafu ya simiti yenye maji ya mvua, bomba la chuma mkononi: hivi vyote vinaufungulia mlango.

Kukatika kwa umeme si kukata umeme. Ukikatika wenyewe, utarudi wenyewe, na hautapiga hodi. Tena wakati huo huwezi hata kupima, kwani turnevisi ya taa haitawaka popote. Kwa hiyo, mtaa ukiwa na moto ao ukiwa na giza, ufanye nyumbani kama unavyofanya kwa kazi. Shusha disjonkta kubwa. Kama nyumba ina fizibu, zitoe na uzitie mfukoni mwako: hizo ndizo kufuli lako. Weka karatasi kwa kasha la umeme: «Usiwashe, niko kazini.» Umwambie mama na watoto wakubwa, maana kila siku yupo mtu anayekuja mbio kuwasha televisheni. Umeme ukiwapo mtaani, jaribu turnevisi kwanza kwa prizi inayowaka, kata, pima waya wa taa, kiisha wakati wa kurudisha hakikisha tena kama turnevisi yenyewe ni nzima. Turnevisi iliyokufa imedanganya watu wengi.

Na usipande juu ya meza. Tumia ngazi, uvae viatu vikavu, mtu mzima akushikilie.

Sasa tuje kwa taa yenyewe. Inatakiwa mwanga kiasi gani? Chama cha dunia cha mchezo huu, WPA, kinaomba lukisi 520 kwa kila fasi ya meza, hata kandokando. Nyumbani si mashindano, lakini kipimo hicho ni chema kwa macho ya mtu aliyetoka chini ya mgodi. Meza ya kadiri ina kitambaa cha sentimita 224 kwa 112, ni kusema mita za mraba 2 na nusu. Ukizidisha kwa 520 unapata lumeni 1300 zinazopaswa kufika juu ya kitambaa. Mwanga mwingine unapotelea pembeni na ndani ya kifuniko cha taa, kwa hiyo hesabu mara mbili na zaidi kidogo: lumeni 3000 hivi.

Ampule ya kizamani ya wati 60 inatoa karibu lumeni 700, na sehemu kubwa ya umeme wake inageuka kuwa joto tu. Ingekupasa kuweka nne ao tano, wati 240 ao 300, zikichemka karibu na mbao. Tumeona watu wakizifunika kwa karatoni ili mwanga usiwachome macho. Karatoni inakauka, inakuwa nyeusi, siku moja inashika moto. Ampule za LED za wati 9 zinatoa karibu lumeni 800 kila moja. Nne zinatosha, na zote pamoja hazifiki wati 40. Soma lumeni kwa karatasi ya ampule, usisome wati peke yake. Lakini LED nazo hazipendi kufungwa ndani ya kopo bila hewa: kitako chake kinapata joto, na zinakufa mapema.

Zipange kwa mstari mmoja, kufuata urefu wa meza, ili vivuli viwe vifupi na pembe nne zipate mwanga. Juu ya kitambaa acha karibu mita 1. Hapo taa inakuwa mbele ya macho ya mtu aliyesimama, kwa hiyo mdomo wa kifuniko ushuke chini kupita ampule, mchezaji aone meza asione moto.

Kifuniko kiwe cha mbao kavu iliyo mbali na ampule, ao plastiki ngumu. Wengi wanapenda bati ao kopo la maziwa lililopakwa rangi. Ni zuri kwa macho, lakini waya ukichubuka ukagusa bati, kifuniko kizima kinakuwa na umeme, na mchezaji mrefu atakigusa kwa kichwa. Chuma kinaomba waya wa udongo, ule wa njano na kijani, unaofika kweli ardhini. Kama nyumba haina udongo, achana na chuma.

Kifuniko kibebwe na mnyororo ao kamba ya chuma iliyofungwa kwa mti wa dari. Waya wa umeme usibebe uzito hata kidogo. Tumia waya wa milimita za mraba 1 na nusu, upite ndani ya bomba, viungo vyote ndani ya kasha lenye kifuniko, vikiwa vimekazwa kwa vis, si kusokotwa na kufungwa kwa plastiki ya mfuko. Disjonkta ya ampere 10 inatosha. Wale wanaotia uzi wa shaba fasi ya fizibu wanajua wenyewe wanachotafuta.

Neno moja ambalo hata mafundi wanasahau: kitufe kikate waya wa fazi, si wa nyutro. Kikikata nyutro, ampule inazima lakini umeme umebaki pale pale kwa kitako, ukimngoja anayebadilisha ampule. Na kama una uwezo, nunua disjonkta diferansieli ya mili-ampere 30. Inakata upesi umeme ukivuja kwenda udongoni kupitia mtu. Haikulindi ukishika nyaya mbili pamoja.

Ukimkuta mtu ameshikwa, usimguse. Kata umeme. Ukishindwa kufika kwa disjonkta, simama fasi kavu na umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Fimbo ya biliyari isiyo na chuma inafaa. Asipopumua, tuma mtu aite msaada, nawe bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hata 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 ao 6, usiache mpaka wafike. Akisimama mwenyewe na kusema «niko mzima», mpeleke hospitali vilevile, maana moyo unaweza kuharibika bila jeraha kuonekana.

Jioni ya kwanza, acha taa iwake saa nzima. Kiisha zima kwa disjonkta, fungua kasha, na usikie viungo kwa mkono. Kiungo chenye joto ni kiungo kilicholegea: kikaze siku ileile, mbele ya jirani kuja kucheza. Urudie kazi hiyo mvua za kwanza zikiisha kupiga.