Masafa ya Dar es Salaam na Dubai

Swali: Mimi nauza mabaibui Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Je, kwenda Dubai kwa ndege ni masafa gani, na huchukua muda gani?

Jibu: Ndugu msomaji, masafa ya angani ni takriban kilomita 4,000, nayo ndege isiyotua njiani huyakata kwa muda wa saa tano na nusu hivi, lakini, kwa kuwa saa za Dubai zimetangulia zetu kwa saa moja, ukiruka saa kumi alasiri utawasili, kwa hesabu ya wenyeji, yapata saa nne na nusu usiku. La kutahadhari zaidi, kwa rai yangu, ni foleni ya Barabara ya Nyerere, iendayo uwanja wa ndege: toka Kariakoo mapema, kwani kaunta ya mizigo, aghalabu, hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka.