Kupiga Picha za Habari Kibera na Kawangware: Mwongozo kwa Wanahabari wa Mtaani

Tangu mwaka 2010, vijana wa Kibera News Network wamekuwa wakirekodi habari za mtaa wao wenyewe kwa vifaa vya kawaida. Mwongozo huu ni wa anayefanya kazi kama hiyo, Kibera au Kawangware, awe na kamera au simu tu.

Kabla ya kurekodi, taja habari yako kwa sentensi moja: nani, amefanya au amefanyiwa nini, na kwa nini leo. "Shida ya maji" haitoshi. Mama wa Gatwekera, Kibera, ambaye bei ya mtungi wa maji wa lita 20 imempandia, naye ana kibanda cha chapati cha kuendesha, tayari ana habari. Mfuate akiwa kazini. Piga mikono yake ikifunga mtungi, kisha uso, kisha yeye mzima akiwa kwenye foleni. Simama nyuma ya bega lake uone anachokiona, halafu tafuta pembe nyingine tofauti. Kila picha ishikilie imara kwa sekunde 10. Simu ilaze. Ukitaka kitu kikaribie, sogea wewe. Zumu ya kidijitali ya simu hupunguza ubora wa picha.

Mwanga ndio unaosumbua wengi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua hukaa utosini na macho ya mtu hugeuka mashimo meusi, huku mabati yakimulika nyuma yake. Mahojiano ya nje yafanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Ikishindikana, mwingize mhojiwa kivulini, mandhari ya nyuma nayo iwe ya kivuli.

Ndani ya nyumba ya mabati, mlango ndio taa yako. Mkalishe mhojiwa hatua mbili kutoka mlangoni, shavu moja likielekea nje, nawe ukae pembeni usizibe mwanga. Akiwa na mlango mgongoni, utapata umbo jeusi lisilo na uso. Gusa uso wake kwenye skrini, kisha funga kipimo cha mwanga kisibadilike katikati ya jibu. Balbu ikiwaka, weka shata 1/50 na fremu 25 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Vinginevyo picha inaweza kumemeta.

Sauti mbovu huua picha nzuri. Karibu na stendi ya matatu za 46 Kawangware, makanga na honi humeza maneno, basi maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni, na vaa visikilizio. Kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika ya sauti ya mahali hapo. Utaihitaji wakati wa kuhariri.

Ruhusa omba kwanza, ukieleza picha zitaonyeshwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinakuhusu hata ukirekodi kwa simu. Kwa mtoto, zungumza na mzazi au mlezi. Aliyedhulumiwa, usimwonyeshe uso, sare ya shule wala mlango wa kwao.

Wakazi wa Kibera wamepigwa picha mno na watu wasiorudi. Habari yako ikishatoka, rudi kwa uliyemhoji, uketi naye aitazame.