Sheria za Maabara ya Kemia na Sababu Zake

Mlangoni mwa maabara yetu ya kemia pamebandikwa karatasi iliyofifia kwa jua, yenye sheria kumi na nane. Kila anayeanza somo hili huzinakili daftarini, akazikariri, akaulizwa katika jaribio la kwanza, akapata alama zake, basi. Baada ya wiki mbili utamwona huyo huyo amekaa juu ya meza ya maabara anatafuna mandazi.

Mimi ni kiranja wa maabara, mwaka wangu wa pili sasa, na sauti imenikauka kwa kukemea. Mlezi wa Chama cha Kiswahili aliposema kila mwanachama aandike juu ya jambo analolijua, nikaona nafasi ndiyo hii. Sitazitaja zote kumi na nane. Nitazitaja zile zinazovunjwa sana na kueleza kila moja imetoka wapi, maana nimeona kwamba mtu huvunja upesi sheria asiyojua sababu yake. Na wale wanaodai eti kemia haisemeki kwa Kiswahili, hebu wavumilie wasome hadi mwisho.

Tuanze na mavazi. Tai iingizwe ndani ya shati, nywele ndefu zifungwe nyuma, sweta ivuliwe. Hii ya sweta ndiyo huleta ubishi, hasa mwezi wa Julai baridi inapouma. Lakini tazameni kitambulisho kilichoshonwa shingoni mwa sweta zenu: nyingi si za sufu, ni za nyuzi za kiwandani. Pamba ikishika moto huungua ikawa majivu. Nyuzi hizi huyeyuka, zikagandamana na ngozi kama plastiki iliyoyeyuka, kwa sababu ni plastiki kweli. Mnamo Desemba 2008, katika chuo kikuu kimoja mjini Los Angeles, Marekani, mtafiti msaidizi wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayojiwasha yenyewe ikikutana na hewa. Hakuwa amevaa koti la maabara; alikuwa amevaa sweta ya nyuzi kama hizo. Alifariki Januari 2009. Sisi hatuna kemikali kama ile, lakini moto tunao, na sweta tunazo.

Moto wenyewe hutoka katika kichomeo cha Bunsen, kilichopewa jina la Robert Bunsen, mwanakemia wa Heidelberg, Ujerumani, aliyekianzisha na fundi wake mnamo 1855. Wengi hawajui kwamba bwana huyo alipoteza jicho la kulia kwa mlipuko uliotokea akiwa kazini maabarani. Kila nikimwona mtu amevaa miwani ya kinga juu ya paji la uso kama mtalii wa Diani, mimi humkumbuka Bunsen.

Sheria yasema: washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukigeuza mpangilio huo, gesi hutoka bure wakati unahangaika na njiti zilizolowa. Gesi yetu ni ile ile ya mitungi inayopikiwa majumbani, na ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, huteremka sakafuni, ikatanda chini ya meza kimya kimya. Tena haina harufu yake ya asili. Ile harufu mbaya mnayoisikia hutiwa makusudi ili ijulikane inapovuja. Basi mkiisikia, mmoja aufunge mtungi, wengine wafungue milango na madirisha, wote mtoke nje. Taa msiiwashe, na kama imewaka msiizime! Cheche ndogo ndani ya swichi yatosha kuiwasha gesi.

Halafu kuna tundu la hewa. Likiwa wazi, gesi hupata oksijeni ya kutosha, ndimi za moto zikawa za samawati, kali, zisizo na moshi. Likizibwa, moto huwa wa manjano, maana chembe za kaboni ambazo hazijaungua hung'aa ndani yake, na hizo ndizo masizi yanayochafua vyombo. Mtu angefikiri basi tundu liwe wazi daima. La hasha. Moto wa samawati ukipigwa na jua la dirishani hauonekani vizuri, na mkono wa mtu hupita papo hapo. Ndiyo sababu tukisubiri maelezo ya mwalimu tunaziba tundu, moto uwe wa manjano kila mtu auone.

Kuhusu asidi, hata asiyekumbuka lolote huikumbuka hii: asidi huongezwa ndani ya maji, maji hayaongezwi ndani ya asidi. Kwa nini? Asidi ya salfuriki iliyokolea ikikutana na maji hutoa joto jingi mno. Tena ni nzito, uzito wake unakaribia mara 1.84 ya uzito wa maji ya ujazo sawa. Ukimimina maji juu yake, maji hayo huelea, yakapata joto lote mahali pamoja, yakachemka ghafla na kuruka pamoja na asidi hadi usoni. Ukifanya kinyume, tena polepole huku ukikoroga, asidi huzama na joto lake likatawanyika katika maji mengi. Kama imekwisha kukurukia, kimbilia bomba. Maji yanayotiririka, mengi, kwa dakika kumi na tano hivi. Usimsikilize yule mjuaji anayesema upake sodiamu haidroksidi ili "ziuane". Hiyo nayo huunguza, na kule kuuana kwenyewe hutoa joto lingine juu ya kidonda.

Sasa mandazi. Wa zamani hawakuwa na karatasi mlangoni. Carl Wilhelm Scheele, mwanakemia wa Uswidi aliyetengeneza gesi ya klorini mnamo 1774, alikuwa na desturi ya kuonja vitu alivyovitengeneza na kuandika ladha yake. Alifariki mwaka 1786 akiwa na miaka 43 tu, na wengi huamini kwamba sumu alizozishika na kuzionja ndizo zilizomfupishia maisha. Meza zetu zimemwagikiwa chumvi za risasi na za shaba tangu shule ijengwe. Andazi likiwekwa hapo haliji kinywani peke yake. Na kwa sababu iyo hiyo pipeti haivutwi kwa mdomo hata kama shule jirani wanafanya hivyo; kipo kinyonyeo cha mpira. Ukitaka kunusa gesi, usitie pua kwenye mdomo wa neli. Ipepee kwa kiganja ikujie kidogo kidogo.

Darasani mambo si mengi. Mwalimu wetu anataka tuwe tumeketi kabla yeye hajafika, elementi ishirini za kwanza ziwe kichwani kwa mpangilio wake, na maelezo ya jaribio yawe yamesomwa jioni iliyotangulia. Hili la mwisho ni la maana kuliko linavyoonekana. Anayesoma maelezo huku ameshika neli ya moto ndiye huielekeza usoni mwa jirani yake.

Lakini sheria iliyo ngumu kuliko zote haihusu moto wala asidi. Ni ya kumi na sita katika karatasi yetu: andika ulichokiona. Ukiisoma haraka utadhani ni ya kujazia ukurasa.

Muhula uliopita tulikuwa na zoezi la kupima ujazo wa asidi kwa bureti. Kila mmoja alichukua kwa pipeti sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu haidroksidi, akatia matone ya fenolftalini yakageuka waridi, kisha akamimina asidi ya haidrokloriki kutoka kwenye bureti hadi rangi ikapotea. Kitabu kina mfano kama huo, na jibu lake ni 25.0. Mwalimu hakutuambia kwamba asidi ya meza za nyuma ameikoleza zaidi kwa robo, kiasi kwamba sentimita 20.0 tu zilitosha. Madaftari yalipokusanywa, meza za nyuma zilikuwa zimeandika 24.9, 25.0, 25.1. Wanafunzi wanane! Mmoja tu, msichana mpole asiyezungumza sana, alikuwa na 20.1, 20.0, 20.0, na kando ameandika kwa penseli: "Sijui nimekosea wapi." Mwalimu hakumchapa mtu wala hakupaza sauti. Aliandika ubaoni 20.0, akamtazama yule msichana, akasema, "Wewe ndiwe uliyefanya kemia leo."

Tunaita hilo kupika matokeo, na tunalisema tukicheka. Hebu tulitazame kwa hesabu. Karatasi ya tatu ya KCSE, yaani 233/3, ina alama 40 na huchukua saa mbili na robo. Jawabu lako la bureti hulinganishwa na lile alilolipata mwalimu wako mwenyewe kwa kemikali zile zile mlizopewa. Ukitofautiana naye kwa 0.1 unapata alama yako ya usahihi, ukipita 0.2 huna. Nguvu ya kemikali huweza kutofautiana kidogo shule hadi shule, kwa hiyo namba unayonong'onezwa na rafiki wa shule nyingine haikufai kitu. Wala ya jirani wa kushoto haiwezi kukuokoa kama bureti yako hukuisuuza kwa asidi unayoitumia ukabakiza maji ndani.

Na hapo ndipo vile visheria vidogo vinapopata maana. Toa faneli juu ya bureti, maana huendelea kudondosha. Soma macho yakiwa sawa na mstari wa chini wa ule mbonyeo wa maji, usiusome kutoka juu. Andika nukta moja ya desimali kote au mbili kote, usichanganye. Tone la mwisho lililobaki ndani ya ncha ya pipeti liache. Usilipulize, kwa sababu aliyeipima pipeti kiwandani alikwisha kulihesabu kwamba litabaki.

Mambo ni yayo hayo tukipima chumvi tusizozijua. Mtu akitia sodiamu haidroksidi akapata mashapo meupe yanayoyeyuka ikizidishwa, kisha kwa amonia akapata mashapo meupe yasiyoyeyuka, hukimbilia kuandika "aluminiamu" kwa kuwa ndiyo anayoitarajia. Risasi nayo hufanya vivyo hivyo kabisa. Ni hadi utie salfeti: risasi hutoa mashapo meupe, aluminiamu haitoi kitu. Basi "hakuna mashapo" ni jibu kamili lenye alama zake, si aibu ya kufichwa. Lakini nimewaona watu wakiona neli haina kitu wakaitikisa, wakaiinua juani, wakamchungulia jirani, hatimaye wakaandika mashapo ambayo hayapo.

Hapa ndipo Kiswahili kilipokuja kunisaidia. Katika vikao vya chama tumezoea kubishana juu ya rangi: samawati ni ipi na buluu ni ipi, urujuani ni ipi na zambarau ni ipi. Siku moja amonia ilipotiwa kwenye mmumunyo wa shaba, mashapo yalikuja ya samawati nyepesi, na amonia ilipozidi yakayeyuka, maji yakawa ya buluu iliyokolea sana. Aliyezoea kutofautisha maneno hayo alikuwa ameandika vitu viwili. Wengi waliandika "buluu" mara moja wakaweka kalamu chini, wakapoteza nusu ya walichokiona. Maneno yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia tangu 1990.

Kengele ikilia, vitu vigumu na karatasi havitupwi kwenye sinki, vina debe lao. Sinki ikiziba ni mimi na msaidizi wa maabara tunaoizibua. Kemikali iliyobaki hairudishwi chupani, hata ikiwa safi machoni pako. Kioo cha moto kinafanana kabisa na kioo baridi, kwa hiyo kisogezee kwanza mgongo wa mkono bila kukigusa. Fungeni gesi kwenye kichomeo na kwenye mtungi. Mikono ioshwe kwa sabuni, stuli zirudi chini ya meza, kisha nendeni mkale githeri.