Miezi ya Kati: Somo kwa Mama Mjamzito na Nyumba Yake

Somo la mwezi huu limetengenezwa kwa ajili ya vikundi vya akina mama, lakini akina baba nao wanaombwa walisome, maana mengi yaliyomo hayawezekani bila wao. Fungueni Injili ya Luka, sura ya kwanza, msome kuanzia mstari wa 24 hadi wa 56, kisha mrudi hapa.

Katika sura hiyo twamwona Elisabeti, mke wa kuhani Zakaria, akichukua mimba katika uzee wake na kujificha muda wa miezi mitano. Katika mwezi wa sita Mariamu anapashwa habari zake, anaondoka kwa haraka kwenda nchi ya milimani, na mtoto anaruka tumboni kwa Elisabeti. Mariamu anakaa huko kama miezi mitatu. Luka, ambaye Mtume Paulo anamtaja kuwa tabibu, ameihesabu miezi hiyo kwa uangalifu. Nasi tutaihesabu.

Ujauzito hugawanywa katika vipindi vitatu vya miezi mitatu mitatu. Somo letu ni la kipindi cha katikati, yaani mwezi wa nne, wa tano na wa sita. Kwa akina mama wengi hiki ndicho kipindi cha raha. Kichefuchefu kimepungua, chakula kinapendeza tena, na tumbo bado si zito. Kati ya wiki ya 16 na ya 20 hivi mama huanza kumsikia mtoto akicheza, na mwenye mimba ya kwanza huchelewa kidogo. Basi kwa kuwa hana maumivu, hujiambia kwamba kliniki ataanza tumbo litakapokuwa kubwa. Hapo ndipo hasara inapoingia.

Kwetu huku, Bukoba na Muleba, iko desturi ya kutotangaza mimba mapema. Wengine wanaogopa kijicho, wengine wanaogopa aibu ikiharibika, na binti ambaye hajaolewa anaogopa wazazi wake. Sisemi desturi hiyo yote ni mbaya. Elisabeti naye alijificha, wala Maandiko hayamlaumu. Lakini kuwaficha majirani ni jambo moja, na kumficha mkunga ni jambo jingine. Nesi hatangazi habari zako sokoni. Unaweza kuitunza siri yako mbele ya kijiji kizima na kadi ya kliniki ikawa tayari sandukuni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama aonwe na wahudumu wa afya walau mara 8 katika mimba moja, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Kama hukuwahi, mwezi wa nne bado ni mapema kuliko wa saba.

Tuchukue malaria, maana Muleba inajulikana kwa malaria hata nje ya nchi. Mbu wa huko walikuwa wameizoea dawa iliyotiwa katika vyandarua. Mwaka 2015 baadhi ya vijiji vikagawiwa vyandarua vyenye kiungo cha pili, kiitwacho piperonili butoksaidi, ambacho huvunja ukaidi wa mbu. Vilionekana kuwakinga watoto vizuri zaidi, na Shirika la Afya Duniani likavikubali mwaka 2017. Kwa hiyo chandarua unachopewa kliniki ulale ndani yake kila usiku. Nasikitika kuona vingine vimefunika vifaranga na miche.

Malaria ya mjamzito ni ya hila. Vijidudu hujificha katika kondo la nyuma, mahali mtoto anapopatia chakula na hewa yake. Mama anaweza asione homa hata kidogo, kumbe damu yake inaliwa na mtoto anapunjwa. Mtoto wa namna hiyo huzaliwa mdogo kuliko kipimo, au kabla ya wakati, na hatari ni kubwa zaidi kwa mimba ya kwanza. Ndiyo sababu hutolewa vidonge vya SP hata kwa mama anayejiona mzima. Dozi moja ni vidonge 3, vinamezwa kwa pamoja mbele ya nesi. Havitolewi katika miezi mitatu ya kwanza; huanza mwezi wa nne, kisha hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, mpaka kujifungua.

Sasa fanyeni hesabu hii ubaoni. Mama aliyeanza mwezi wa nne na akarudi kila mwezi anaweza kupata dozi 6. Aliyeanza mwezi wa saba, hata akijitahidi sana, hapati zaidi ya 3. Lengo ni dozi 3 au zaidi, kwa hiyo huyu wa pili akikosa siku moja tu, kwa mvua au kwa msiba, amepungukiwa. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia kotrimoksazoli kila siku hapewi SP, na yule ambaye dawa za salfa zilimdhuru zamani amwambie nesi kabla ya kumeza.

Jambo la pili ni damu. Katika miezi hii damu ya mama inaongezeka mno, na kufikia mwisho wa mimba huwa imezidi ile ya kawaida kwa karibu nusu. Lakini sehemu ya maji huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kama mtu aliyeongeza maji katika chai bila kuongeza majani. Mama mwenye akiba ndogo ya madini ya chuma huanza kuchoka, moyo kwenda mbio, na viganja kuwa vyeupe. Akipungukiwa damu wakati wa ujauzito, damu kidogo tu itakayomtoka siku ya kujifungua inaweza kumwua.

Chakula chetu ni ndizi, na ndizi ni njema, lakini sahani iliyojaa ndizi peke yake inashibisha bila kuongeza damu. Inataka maharage, inataka dagaa wa ziwa letu, wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao, inataka mchicha, kisamvu au majani ya maboga. Senene wakiwa msimu, mjamzito apewe sehemu yake. Sato na nyama vikipatikana, visiishie kwenye sahani ya baba mwenye nyumba. Wako wanaosema mama akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele. Si kweli, ale mayai, ila yaive vizuri.

Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kila siku kama nesi alivyoagiza. Vinafanya choo kuwa cheusi, na wengine hufunga choo. Hilo lisiwatishe, wanywe maji na kula matunda. Lakini visimezwe pamoja na chai wala kahawa, kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Subiri saa moja au mbili. Najua kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na kahawa yetu ya robusta ni kali; mjamzito apokee kwa heshima, atafune punje moja mbili, nyingine aziweke. Rubisi na pombe nyingine yoyote aache kabisa, maana humfikia mtoto. Na ule udongo unaouzwa sokoni, ambao wengi huutamani sana, nao waweza kuleta minyoo na kupunguza damu. Dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Siku ya kliniki mume aende pia. Mkoa wetu wa Kagera ndio ulioona wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, na nyumba nyingi zingali na makaburi ya wakati ule migombani. Leo mama mwenye virusi akitumia dawa vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye navyo. Wapimwe wote wawili, pamoja na kaswende.

Kazi za kawaida na kutembea havikatazwi. Lakini mkungu wa ndizi kichwani, au ndoo mbili kutoka bondeni, hiyo ni mizigo ya mwingine kwa sasa. Mama mkwe naye asihesabu kupumzika mchana kuwa ni uvivu.

Baada ya wiki ya 20 kifafa cha mimba kinaweza kuanza, ndiyo maana shinikizo la damu na mkojo hupimwa kila hudhurio. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au vimulimuli, uso na mikono ikivimba, damu au maji yakitoka njiani, homa ikipanda, tumbo likikaza kwa maumivu, au mtoto aliyekuwa akicheza akinyamaza, mama asingoje kupambazuke. Apelekwe kituoni mara moja.

Kwa sababu hiyo safari ipangwe sasa, mwili ungali mwepesi. Wenzetu wa visiwa vya Bumbire na Goziba wanajua kwamba mtumbwi haungoji mtu, wala ziwa halitulii kwa ajili ya uchungu wa uzazi. Weka akiba ya nauli, jua ni bodaboda gani itakayoitika usiku, na mjue kama mtajifungulia zahanati au hospitali.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Mariamu alikaa kwa Elisabeti miezi mitatu, unadhani alimsaidia kazi gani? Katika mtaa wetu yupo mjamzito ambaye hana mtu wa kumchotea maji? Na binti aliyeficha mimba akija kwako wewe kwanza, utamsindikiza kliniki siku gani?