Filimbi ya mwanzi: tundu moja linapotoa sauti ya juu mno

SWALI: Nimetengeneza filimbi ya mwanzi yenye matundu sita. Yote yakizibwa inalia vizuri, na mawili ya chini hayana shida, lakini nikiachia la tatu sauti inapanda kupita kiasi. Niitupe?

JIBU: Usiitupe. Tundu hilo ni kubwa mno, au umelitoboa karibu mno na tundu la kupulizia. Yote mawili hupandisha sauti. Paka nta ya nyuki kwenye ukingo wake wa upande wa kupulizia, kidogo kidogo huku ukisikiliza. Ukizidisha, kwangua. Sauti ikiwa chini mno kazi ni nyepesi zaidi: panua tundu kwa tupa nyembamba.

Ila kabla ya kurekebisha, ipulize kwanza dakika chache. Hewa ya baridi ndani ya mwanzi hushusha sauti, na wapo wanaopanua matundu asubuhi kisha mchana wakajuta.

Ukitengeneza nyingine, toboa matundu madogo kwa msumari wa moto, ukianzia la chini, kisha yapanue taratibu. Tumia mwanzi uliokauka kivulini. Mbichi hupasuka unapokauka, na ufa hauzibiki kwa nta.