Bando la Saiba Linaisha Mapema? Jaribu Squid

Una kompyuta kumi za Ubuntu na laini moja ya intaneti? Kila moja ikijivutia masasisho, unalipia faili ile ile mara kumi. Bando likiisha mchana, mteja anahamia kwa jirani.

Squid ni programu ya bure. Inakaa kati ya kompyuta zako na intaneti, inaweka nakala ya faili, na anayefuata anapewa nakala hiyo.

1. Sakinisha Squid kwenye mashine moja, kisha fungua squid.conf.

2. Andika: maximum_object_size 512 MB. Usipoandika, kiwango ni 4 MB tu na faili kubwa hazihifadhiwi.

3. Chini yake, si juu, andika: cache_dir ufs /var/spool/squid 10000 16 256. Hiyo 10000 ni MB za diski.

4. Ruhusu kompyuta zako pekee: weka http_access allow localnet kabla ya mstari wa deny all.

5. Zima Squid, endesha squid -z, iwashe tena.

6. Kwenye kompyuta zingine, weka anwani ya mashine hiyo na poti 3128.

Tusidanganyane: kurasa za https zimefungwa, Squid haizihifadhi. Utaokoa kwenye masasisho ya Ubuntu, ambayo kwa kawaida huja kwa http.

Fundi akikushauri uweke cheti cha kufungua https, kataa. Nywila na PIN za wateja wako zitaonekana kwenye mashine yako, na pesa zikipotea utaulizwa wewe.