Ununuzi wa Gari la Njia Mbovu: Gari Gumu la Zamani na Gari la Kisasa

Gari linalozungumziwa katika kijitabu hiki ni lile lenye kimo cha juu, linalonunuliwa kwa sababu barabara inayofika nyumbani, shambani au kazini kwa mnunuzi haina lami, au huwa haipitiki vizuri wakati wa masika. Kwa kuwa magari magumu ya zamani hayashuki bei haraka, mnunuzi wa Tanzania, Kenya au Uganda mara nyingi hujikuta na fedha inayotosha ama Toyota Land Cruiser hardtop iliyotengenezwa miaka ya 1990, ama gari jepesi zaidi lililotengenezwa miaka ya karibuni. Mabishano kuhusu machaguo hayo huishia kwenye umri, ilhali maswali yenye uzito ni mawili: gari likiharibika, nani atalitengeneza na wapi, na likigonga au kupinduka, waliomo wana nafasi gani ya kutoka wakiwa hai. Swali la kwanza kila mnunuzi huliuliza. La pili huulizwa na wachache mno, na kwa sababu hiyo limepewa hapa nafasi kubwa kuliko mengine.

Namna magari haya yalivyoundwa

Magari magumu ya zamani karibu yote yamejengwa juu ya chasisi, yaani fremu ya chuma nene yenye boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, ambayo bodi hufungwa juu yake kwa bolti, nayo ekseli hushikizwa chini yake. Magari mengi mapya ya kimo cha juu hayana fremu hiyo, kwa kuwa bodi na sakafu vimechomelewa vikawa kitu kimoja kinachobeba uzito wote, muundo unaolifanya gari liwe jepesi, litumie mafuta kidogo na litulie barabarani. Hata hivyo tofauti hii haifuati umri moja kwa moja. Land Rover Defender ya zamani, ambayo utengenezaji wake ulikoma Solihull, Uingereza, Januari 2016, ilikuwa na chasisi, na Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019 haina. Lakini Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 bado inayo, kama ilivyo Prado ya 150 iliyoanza kutengenezwa mwaka 2009. Anayebeba mzigo mzito au kuvuta tela kila siku kwenye makorongo anahitaji chasisi, ila familia ya watu watano inayopita njia ya changarawe na mizigo ya kawaida inaweza kuishi vizuri bila hiyo.

Kuhusu kuvuta kwa magurudumu manne, hardtop ina giaboksi ndogo ya pili inayomwezesha dereva kuingiza magurudumu ya mbele anapoyahitaji na kuchagua gia za chini, yaani gia zinazopunguza sana mwendo na kuzidisha nguvu inayofika kwenye magurudumu, kiasi cha kulitoa gari kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa. Magari mengi mepesi ya kisasa hayana gia hizo. Yana mfumo wa kielektroniki unaopeleka nguvu nyuma pale magurudumu ya mbele yanapoteleza, na mfumo huo hupata joto na kujizima ukilazimishwa kwa muda mrefu kwenye mchanga mzito. Mengine yanafanana nayo kwa sura lakini huvuta kwa magurudumu mawili tu, hivyo mnunuzi anashauriwa ainame achungulie chini kama kuna shafti inayokwenda kwenye difu ya nyuma, badala ya kuamini nembo iliyobandikwa mlangoni. Baadhi ya magari ya haibridi, ambayo magurudumu yake ya nyuma huzungushwa na mota ya umeme, hayana shafti hiyo na bado huvuta kwa magurudumu manne.

Kwa nini gari la zamani linaaminiwa

Familia ya Land Cruiser 70, ambayo hardtop ni mojawapo ya magari yake, ilianza kuuzwa Novemba 1984, na mojawapo ya injini zilizoijengea jina Afrika Mashariki ni 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sisi 4,164, isiyo na turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na nguvu ya moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nguvu zake ni za farasi takriban 130, ambazo ni kidogo kwa injini ya ukubwa huo, na hapo ndipo sehemu kubwa ya uimara wake ilipo, kwa sababu vyuma vyake vinafanya kazi mbali na kikomo cha vinachoweza kustahimili. Pampu yake ya dizeli huendeshwa kimitambo bila kusubiri amri ya kompyuta, kwa hiyo fundi wa Mpanda, Lodwar au Moroto aliyeizoea huweza kutambua ugonjwa kwa kusikiliza mlio, kutazama rangi ya moshi na kulegeza bomba moja la dizeli baada ya jingine. Spea zake zimeenea, halisi na bandia, na magari yenyewe huingia mikononi mwa wananchi kwa njia ya minada baada ya kutumiwa na serikali, hospitali za vijijini, hifadhi za wanyama na mashirika ya misaada.

Sifa hizo ni za kweli. Gari lisiloweza kutengenezwa mahali linapotumika ni hasara hata likiwa jipya, na pale ambapo gari ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku, uwezo wa fundi wa karibu kulifufua ni suala la uhai.

Ugumu wa gari na usalama wa abiria

Kosa linalogharimu maisha ni kudhani kwamba gari linalotoka kwenye ajali bila kubonyea sana limewalinda waliomo. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila kilichomo, ubongo ndani ya fuvu na moyo ndani ya kifua vikiwemo, kinasafiri takriban mita 22 kwa sekunde, na mwendo huo ukiisha ghafla mno nguvu inayouangukia mwili huwa kubwa kuliko mwili unavyoweza kuihimili, ilhali muda wa kusimama ukirefushwa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde nguvu hiyo hupungua. Ndiyo maana pua ya gari la kisasa imesanifiwa ijikunje hatua kwa hatua na kumeza nguvu ya mgongano, huku kasha wanamokaa abiria likibaki na umbo lake. Pua iliyopondeka, ambayo watazamaji huichukulia kuwa ushahidi wa bati jepesi, mara nyingi ndiyo iliyomwokoa dereva. Chasisi nzito ya miaka ya 1980 haikusanifiwa ijikunje kwa mpangilio huo, na mshtuko hupita kuelekea kwenye usukani, kwenye mkanda na hatimaye kwenye mifupa.

Magari mengi ya wakati huo pia hayana mifuko ya hewa wala breki za ABS, yaani breki zinazozuia tairi kujifunga na kuburuzika dereva anapokanyaga kwa nguvu. Pengo kubwa zaidi ni mfumo wa udhibiti wa uthabiti, ambao husoma mwelekeo wa usukani, ukaulinganisha na mwelekeo halisi wa gari, na gari linapoanza kuserereka ukafunga breki ya gurudumu moja ili kulirudisha kwenye njia. Mfumo huo ni wa lazima kwa magari yote mapya Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014, na una manufaa ya pekee kwa magari ya kimo cha juu, ambayo kitovu chake cha uzito kiko juu na hupinduka kwa urahisi dereva anapokwepa ng'ombe au pikipiki. Mwenye gari lisilo na mfumo huo, akipakia magunia kwenye keria ya juu, anakipandisha kitovu hicho zaidi. Mzigo mzito ukae ndani, chini kadiri inavyowezekana.

Jambo moja linastahili kutazamwa kwa karibu. Hardtop nyingi zina mabenchi mawili ya ubavuni nyuma, yanayotazamana, na mengi hayana mikanda, au yana mkanda wa kiunoni tu. Mtoto aliyekaa hapo hurushwa kuelekea mbele breki inapofungwa, na hakuna chochote cha kumzuia isipokuwa abiria mwenzake au mgongo wa kiti cha dereva. Kiti maalumu cha mtoto hakiwezi kufungwa salama kwenye benchi la ubavuni. Kwa familia inayosafiri mara kwa mara kwenye barabara kuu, kati ya Dar es Salaam na Morogoro au Nairobi na Nakuru, jambo hilo peke yake linatosha kuifanya hardtop ya zamani kuwa chaguo baya, hata kama injini yake ni nzima na bei yake ni nzuri.

Gari la kisasa nalo lisiaminiwe kwa jina tu, kwa kuwa gari la aina moja na mwaka mmoja huuzwa nchi tofauti likiwa na vifaa tofauti. Mnunuzi ahesabu mifuko ya hewa kwa kutafuta alama zake kwenye usukani, dashibodi na viti, na ahakikishe kwamba taa ya mifuko hiyo huwaka swichi inapofunguliwa kisha huzimika injini inapowaka, kwani taa isiyowaka kabisa huenda imeondolewa kwa makusudi. Yako pia magari ya Kijapani na ya Ulaya, hasa ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, yaliyofungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevunyevu na inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari hayo yaliitwa yarudishwe kutengenezwa, lakini lililosafirishwa nje kabla ya kutengenezwa hufika pwani ya Afrika Mashariki, yenye joto na unyevu huohuo, likiwa na hatari ileile. Namba ya chasisi ikipelekwa kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari, itaonyesha kama kazi hiyo ilifanyika.

Njia ya kati ipo: gari la miaka ya 2000 hadi 2010 na kitu, lenye chasisi na gia za chini, lakini pia lenye mifuko ya hewa, ABS na udhibiti wa uthabiti. Kwa wengi wanaotumia lami siku za kazi na njia mbovu mwisho wa wiki, hilo ndilo chaguo linalopendekezwa.

Mafuta

Injini za dizeli za kisasa hupulizia mafuta kwa mgandamizo unaozidi baa 1,500, ambapo baa moja inakaribiana na mgandamizo wa hewa tunayovuta kila siku, kupitia nozeli zenye matundu membamba mno. Maji kidogo au uchafu wa pipa lililoshika kutu, ambao pampu ya 1HZ ingeweza kuuvumilia kwa muda, huharibu nozeli hizo, na seti mpya ni ghali sana. Injini nyingi za karibuni pia zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, linalohitaji dizeli yenye salfa kidogo sana. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, ilhali injini za viwango vya juu vya Ulaya zimesanifiwa kwa dizeli yenye sehemu 10. Anayeishi mahali ambapo mafuta huuzwa kwa madumu asinunue gari la dizeli la aina hiyo; injini ya petroli, ingawa hula zaidi, itamsumbua kidogo.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kwa gari la zamani, ukaguzi uanze na chasisi, kwa sababu injini inaweza kubadilishwa lakini fremu iliyooza haina tiba ya bei nafuu. Kutu hushambulia zaidi magari yaliyotumika karibu na bahari, na yale yaliyotoka Uingereza au kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Fundi agonge boriti kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilicholiwa hutoa mlio mfu na kuangusha magamba. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga kwa bidii zaidi. Kisha aulizie mkanda wa taimingi, yaani ule unaooanisha mzunguko wa injini na kufunguka kwa valvu, ambao kwenye 1HZ hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000 na ukikatika huharibu valvu. Asipopata uthibitisho, gharama ya mkanda mpya ihesabiwe ndani ya bei.

Kwa gari la kisasa, lisomwe kwa mashine ya kupimia kompyuta ya gari, na lisomwe tena baada ya kuendeshwa nusu saa, kwa kuwa muuzaji anaweza kufuta kumbukumbu za hitilafu asubuhi ileile. Kwa magari ya aina zote mbili, tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililokaa muda mrefu yadi mara nyingi huwa na tairi zenye kashata nzuri na mpira uliokwisha kukauka.

Sheria na kodi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na Uganda, tangu mwaka 2018, inazuia magari yenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo anayetaka gari la miaka ya 1990 katika nchi hizo huchagua miongoni mwa yaliyokwisha kuwamo nchini na kutumika huko. Tanzania haijayapiga marufuku, lakini gari la abiria lenye miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 15, na linalozidi miaka 10 asilimia 30. Kwa kuwa viwango vinaweza kubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka inayoanza kutumika Julai, mnunuzi aingize taarifa za gari kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kutuma fedha kwa muuzaji. Kwa gari linalonunuliwa ndani ya nchi, namba iliyogongwa kwenye chasisi ilinganishwe tarakimu kwa tarakimu na iliyo kwenye kadi ya gari, na malipo yasifanyike siku ambayo kadi hiyo haipo.